Bawa la bei poa la kuchezea mawimbi: Usinunue nguvu, nunua utulivu

UKISHUKA ufukwe wa Paje mchana wa Julai, upepo wa Kusi umeshika na maji yamejaa, utakuta kaiti zimetanda angani kama kawaida. Lakini tupa jicho mbali zaidi, kule mawimbi yanakovunjikia mwambani. Utaona mtu amesimama juu ya ubao usiogusa maji, kashika bawa kwa mikono miwili, hana mlingoti wala kamba ndefu za kaiti. Wimbi likinyanyuka, anaachia mkono mmoja. Bawa linabaki nyuma yake likipepea kama bendera, naye anateremka na wimbi kimya kimya.

Huo ndio wingifoili. Bawa linajazwa upepo kwa pampu, na chini ya ubao kuna foili, yaani mguu mrefu wenye mabawa madogo ya chuma au kaboni yanayomnyanyua mchezaji juu ya maji. Mchezo wenyewe ni mchanga. Mabawa haya yalianza kuuzwa madukani mwaka 2019, kampuni kama Duotone, Naish na Slingshot zilipotoa matoleo yao ya kwanza. Olimpiki bado hayajafika. Kwenye Michezo ya Paris 2024, mashindano ya matanga yalifanyika Marseille na foili zilikuwepo, zikiwemo za kaiti na za ubao wa tanga. Bawa la mkononi linasubiri zamu yake.

Vijana wetu wa pwani hawasubiri. Aliyekulia kwenye ngalawa anausoma upepo kwa ngozi ya uso, na aliyefundisha kaiti misimu kadhaa haoni foili kama uchawi. Kinachowabana ni mkwanja. Bawa jipya la kawaida Ulaya linauzwa kati ya euro 700 na 1,200. Chukua la euro 900: hiyo ni zaidi ya shilingi milioni mbili za Tanzania kabla hujaweka usafiri na ushuru, na hapo hujagusa ubao wala foili. Mabawa ya vitambaa vya kisasa zaidi yanapita euro 1,500.

Kwa hiyo kijana wa Paje, Jambiani au Diani hanunui mabawa matatu kama mgeni aliyekuja likizo. Ananunua moja, na mara nyingi ni la mtumba. Akikosea, kibubu cha misimu miwili kimekwenda na maji. Na kosa kubwa huanzia kwenye swali la kwanza analomuuliza muuzaji: "Lina nguvu?" Kwa mtu anayetaka mawimbi, hilo si swali la kuanzia.

Wimbi ndilo injini

Kwenye maji tulivu, bawa ndiyo injini yako muda wote. Likikosa nguvu, foili inazama na wewe unarudi kupiga makasia kwa mikono. Hapo ni sawa kutafuta bawa linalovuta sana.

Kwenye mawimbi hesabu inabadilika. Bawa unalihitaji kwa kazi mbili tu: kukubishia mpaka nje, na kukupa mwendo wa kulipata wimbi. Ukishalipata, wimbi lenyewe linasukuma foili. Kuanzia hapo bawa halina kazi, limekuwa mzigo ulioushika mkononi. Unalishika kwa mshikio wa mbele, linakufuata nyuma likiwa halina upepo, kama tanga lililolegezwa demani.

Sasa fikiria bawa linalokataa kutulia. Linayumba kushoto na kulia, mara linajigeuza, mara linashika upepo ghafla na kukuvuta mbele ya wimbi. Au ncha yake ndefu inagusa maji wakati unakata kona. Hapo unaanguka, wimbi liko nyuma yako, mwamba uko chini yako, na foili yenye makali iko karibu na mbavu zako. Hiyo ndiyo gharama halisi ya bawa lisilofaa, na haimo kwenye bei ya dukani.

Swali la mtu wa mawimbi, basi, ni hili: "Linanyamaza?" Habari njema ni kwamba utulivu hauko kwenye mabawa ya bei mbaya peke yake. Unatokana na umbo na saizi, kuliko kitambaa cha anasa.

Mtihani wa dakika mbili mchangani

Huhitaji kuingia majini kulijua bawa. Lijaze upepo kamili, simama sehemu ya wazi ufukweni isiyo na watu karibu, funga kamba ya usalama mkononi, kisha lishike kwa mshikio wa mbele peke yake. Liache lipepee.

Bawa zuri la mawimbi litalala sawasawa upande upepo unakoelekea, likiwa juu kidogo ya mchanga, na litatikisika kidogo tu. Tembea nalo. Halafu kimbia kwa kufuata upepo, kwa sababu ndivyo utakavyokuwa ukiteremka na wimbi. Geuka ghafla kushoto, kisha kulia. Likikufuata bila ugomvi, umepata mchumba. Likianza kucheza kama kaiti ya karatasi iliyokatika mkia, mrudishie mwenyewe hata kama amekupunguzia bei.

Unaweza kubahatisha matokeo kwa macho kabla ya kulijaribu. Litazame kwa mbele. Mabawa ambayo bomba lake la mbele limepinda kwa umbo la V lililo wazi hutulia zaidi yakipepea. Yale yaliyonyooka huwa na nguvu zaidi ila hukosa subira. Kisha pima upana kutoka ncha hadi ncha. Kati ya mabawa mawili ya mita tano za mraba, lile fupi na nene kidogo katikati linafaa mawimbi kuliko lile refu jembamba, kwa sababu ncha zake hazikimbilii kugusa maji unapoinama.

Saizi kwanza, jina baadaye

Mabawa hupimwa kwa mita za mraba, na mengi ni kati ya 2 na 7. Kwa mchezaji wa kilo 75 mwenye foili ya wastani, hesabu ya jumla iko hivi: bawa la 6 kwa upepo wa kilomita 20 hadi 28 kwa saa, la 5 kwa kilomita 25 hadi 37, la 4 kwa kilomita 33 hadi 45, na la 3 upepo ukizidi hapo. Ukiwa na kilo 60, shuka saizi moja hivi. Ukiwa na kilo 90, panda.

Kwa mawimbi, wazoefu hushuka nusu saizi au saizi nzima chini ya hapo. Sababu ni ile ile: wimbi linasaidia, na bawa dogo lina ncha fupi, ni jepesi na halikusumbui ukiliachia. Anayejifunza afanye kinyume. Kama bado hujaweza kusimama juu ya foili mita mia mbili mfululizo, bawa dogo litakuchosha tu. Jifunze kwanza kwa bawa kubwa la kukodi au la kuazima, halafu pesa yako uitunze kwa ajili ya lile utakalokaa nalo.

Hapa ndipo kalenda ya pwani inapoingia. Kusi huvuma kwa nguvu zaidi kuanzia Juni mpaka Septemba, Kaskazi kuanzia Desemba mpaka karibu Machi, na mara nyingi Kaskazi ni laini kidogo. Ukinunua bawa moja, chagua msimu utakaoutumikisha. Kijana wa kilo 60 hadi 65 anayelenga mawimbi ya Kusi, bawa la 4 litamfanyia kazi siku nyingi. Wa kilo 75 na zaidi, 4.5 au 5. Siku za Kaskazi legevu atakaa pembeni mara moja moja, na si dhambi. Bawa la 6 linalokuwezesha kutoka kila siku ndilo litakalokutesa siku ile mawimbi yakiwa mazuri.

Kitambaa: ghali inalipa wapi?

Bawa la kawaida lina mabomba mawili ya upepo, la mbele na la kati, yaliyoshonwa kwa dakroni. Sehemu kubwa iliyobaki ni kitambaa chepesi cha polyesta chenye mistari ya miraba inayozuia mpasuko usiendelee. Mabawa ya bei mbaya hutumia vitu kama Aluula kwenye mabomba. Ni vyepesi na vigumu zaidi, hivyo bomba linaweza kuwa jembamba na bado lisipinde.

Je, tofauti unaisikia? Ndiyo, hasa kwenye mabawa makubwa na upepo mdogo, ambako kila gramu ina maana. Kwenye bawa la 4 siku ya Kusi kali, tofauti inapungua mno. Bawa dogo tayari ni jepesi na tayari ni gumu, ilimradi limejazwa inavyotakiwa. Kwa hiyo mtu wa mawimbi mwenye bajeti ndogo ndiye mwenye sababu chache kuliko wote za kulipia Aluula. Dakroni inamtosha.

Njia ya kwanza ya kuokoa pesa ni kununua toleo la mwaka uliopita au wa kabla yake likiwa jipya. Kampuni zikitoa rangi mpya, za zamani hushushwa bei, na bahari haijui bawa lako ni la mwaka gani. Ila usirudi nyuma sana. Yale ya mwanzo kabisa, ya 2019 na 2020, mengi yalikuwa laini, yakipinda katikati upepo ukizidi. Teknolojia ilipiga hatua haraka miaka iliyofuata, na hapo ndipo penye mtumba mzuri.

Vishikio na dirisha

Kuna mabawa yenye vishikio laini vya mkanda, yenye vishikio vigumu, na yenye fimbo ndefu kwenye bomba la kati. Vyote vinafanya kazi. Fimbo na vishikio vigumu hukupa uamuzi wa haraka ukilikamata bawa tena baada ya kuteremka. Vishikio laini ni vyepesi na mara nyingi bei yake ni nafuu. Usiache bawa zuri kwa ajili ya hilo.

Mshikio wa mbele, huo usiusamehe. Ndio utakaoushika muda wote ukiwa juu ya wimbi. Uwe na nafasi ya kiganja kilicholowa, usichubue, na ushonaji wake usiwe umeanza kufumuka. Dirisha la plastiki linasaidia kuona nani anakuja, jambo la maana panapokuwa na watu wengi, ila linaongeza uzito na hupata makunyanzi ukilikunja ovyo. Likiwepo, shukuru. Lisipokuwepo, jifunze kuinua bawa na kuchungulia chini yake kabla ya kugeuka.

Mtumba: Kagua kama unanunua bodaboda

Mwisho wa msimu, wageni wanaondoka na shule nyingi zinataka kubadilisha vifaa. Hapo utamsikia muuzaji: "Kaka, hili limetumika wiki mbili tu." Muitikie kwa adabu, kisha fanya kazi yako.

Kwanza, upepo. Lijaze mpaka kipimo kilichoandikwa karibu na valvu, kwa mabawa mengi ni kati ya PSI 6 na 9. Kama kuna mrija unaounganisha bomba la mbele na la kati, ufunge kwa klipu yake, halafu uliache kivulini saa kadhaa, ikibidi usiku kucha. Bomba litakalolegea ndilo lenye tundu. Ukiharakishwa usilifanye hili, kuna kitu unafichwa.

Pili, kitambaa. Likunje kidogo kwa vidole karibu na sikio. Kitambaa kizima kinalia kama karatasi ngumu. Kilichopigwa na jua kimekuwa laini na kimya kama shuka la zamani. Linyanyue kuelekea mwanga utafute vitundu, hasa kwenye mikunjo na pembeni mwa mishono. Angalia ukingo wa nyuma: ukiwa umevutika, bawa litapiga kelele na kutetemeka kila upepo ukiongezeka.

Tatu, mishono ya bomba la mbele. Hapo ndipo shinikizo lote lilipo. Tyubu ya ndani inabadilishika, lakini dakroni iliyopasuka kwenye mshono ni kazi ya fundi wa matanga, na si kila fundi charahani ataiweza.

Nne, viraka. Kiraka kimoja kilichowekwa vizuri hakina neno. Ila ujue kwamba tyubu hizi si mpira wa baiskeli. Ni plastiki laini inayoitwa TPU, na gundi ya fundi baiskeli haiishiki. Tundu utalitafuta vilevile kwa maji ya sabuni, lakini kiraka kiwe cha TPU. Kama muuzaji ana viraka na valvu ya akiba, mwambie aviweke kwenye mfuko kabla hamjakubaliana bei.

Ukilinunua, litunze. Jua letu linaua vitambaa kuliko mawimbi. Usiliache limejaa upepo juu ya mchanga wa saa saba mchana. Hewa ndani inapanuka na mshono unaachia. Lisuuze kwa maji ya bomba, likaushe kivulini. Bawa la mtumba lililotunzwa hivyo linaweza kukaa na wewe misimu kadhaa, na bado ukampatia mwingine kwa bei.

Gawa pesa kwa akili

Ukiwa na fungu moja la pesa kwa bawa, ubao na foili, usilimalizie kwenye bawa. Kwenye mawimbi, foili ndiyo inayoamua kama utageuka, utaruka mapema au utakwama. Bawa la kawaida lenye foili nzuri litakufurahisha. Bawa la euro 1,500 lenye foili mbovu litakufanya uuze vyote.

Na kabla ya kumaliza, tenga fungu la kamba ya usalama ya bawa, kamba ya ubao, kofia ngumu na fulana ya kukinga mbavu. Hivi si mapambo. Bawa likikuponyoka bila kamba huku upepo unavuma, hulifikii kwa kuogelea, na ndilo lililokuwa boya lako.

Maji yana wenyewe

Pwani yetu ina jambo moja la kulitilia maanani: maji yanakupwa kweli kweli. Siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita nne. Mguu wa foili ni sentimita 75 hadi 90. Saa moja unaruka, saa mbili baadaye uko juu ya mawe na miiba ya urumbu wa bahari. Angalia jedwali la maji kabla ya kuangalia upepo, na rudi ndani wakati maji bado yapo. Maji yanapotoka, milango ya mwamba inavuta kuelekea bahari kuu, na bawa dogo halitakurudisha upepo ukikata.

Paje na Jambiani pia ni mashamba ya mwani. Kuna vigingi na kamba chini ya maji, na kuna akina mama wanaofanya kazi yao pale kabla ya michezo yetu haijazaliwa. Foili ni kisu. Pita mbali, na unapopita karibu, shuka.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili, mzoefu ataona siku ya bawa la 4. Wewe wa mwaka wa kwanza, ione kama siku ya kukaa mchangani na kutazama. Wahenga walishamaliza: mwana maji wa Kwale kufa maji mazoea.

Kwa hiyo safari ijayo ukiitwa kuona bawa linalouzwa, nenda wakati upepo unavuma. Usiulize jina, usiulize rangi, usikubali kuonyeshwa likiwa ndani ya begi. Lijaze, lishike kwa mshikio wa mbele, ukimbie nalo hatua ishirini ukifuata upepo. Likitulia nyuma yako, hapo ndipo mkae muongee bei.